Maneno ya Bibi wa Mazinde

Nataka leo kueleza jambo langu mwenyewe, wala si jambo la kujivunia. Wasomaji wa ukurasa huu wamenizoea katika masuala ya twahara, ya mirathi na ya malezi, na aghlabu mimi ndiye nisemaye na wengine ndio waambiwao. Mara hii mwambiwa nilikuwa mimi, na aliyeniambia ni binti wa miaka ishirini na kitu, mwanafunzi wa chuo kikuu, aliyekuja nyumbani kwangu Tanga mwezi wa Shaabani uliopita, simu mkononi na karatasi za kopi kwapani.

Akaniamkia, akakaa, akanywa maji aliyopewa, kisha akauliza kwa adabu: "Sheikh, ni wewe uliyekuwa mkalimani Mazinde mwaka 1982?" Nikasema ni mimi. Nilifurahi, sitaficha. Mtu akifika umri wangu hufurahi akisikia kuwa liko jambo lake lililokumbukwa, na nafsi ni nyepesi kudhani kuwa jambo hilo ni jema.

Kwa asiyeijua, Mazinde iko bondeni, mguuni pa milima ya Usambara, baina ya Mombo na Mkomazi, kando ya reli iendayo Moshi. Ukisimama huko chini unaiona milima imesimama kama ukuta, na juu ya ukuta huo iko Mazinde Juu, ambako watu hulala na mablanketi mawili, hali sisi wa bondeni tumefungua madirisha kwa joto. Mimi nilizaliwa chini. Baba yangu alitoka Pangani akawa karani wa mizani katika shamba la mkonge. Mama yangu ni Msambaa. Basi nikalelewa kwa lugha mbili, Kiswahili cha baba na Kisambaa cha mama, na lugha hizo ndizo zilizonitia katika mtihani huu.

Wasambaa wa kale hawakupenda kukaa nyika. Walishuka kwa haja zao, wakapanda tena kabla hayajawapata. Walijua kuwa bonde lina homa. Mwaka 1898 alikuwako huko Usambara daktari mkubwa wa Kijerumani, Robert Koch, yule aliyekitambua kijidudu cha kifua kikuu mwaka 1882, akichunguza homa za nchi hii. Wenyeji wakamwambia kuwa wakishuka bondeni huumwa na mdudu aitwaye mbu, na ugonjwa wanaorudi nao wakauita kwa jina lilo hilo la mbu. Koch akayaandika maneno yao. Mwaka uliotangulia, 1897, Ronald Ross huko Bara Hindi alikuwa amekiona kijidudu cha malaria ndani ya tumbo la mbu, na kwa uchunguzi wake huo akapewa tuzo ya Nobel mwaka 1902. Wote wawili wametajwa katika vitabu vya dunia nzima. Mzee wa Kisambaa aliyemtajia Koch mbu, sijapata kuliona jina lake popote. Lakini angalau maneno yake yaliandikwa kama alivyoyasema, na hilo si jambo dogo, kama mtakavyoona.

Katika bonde hilo hilo la homa ndipo alipokaa Semboja, mwana wa Kimweri ye Nyumbai, mfalme mkubwa wa Wakilindi aliyefariki mwaka 1862. Kiti cha ufalme kilikuwa Vuga, juu milimani, lakini Semboja aliona mbali. Misafara ya pwani ilipita bondeni, na misafara ndiyo iliyoleta nguo na bunduki. Akaweka makao yake Mazinde, akakaa na watu wa pwani, na kwa nguvu hiyo akaipindua milki ya ndugu zake. Vita vilivyofuata viliiumiza nchi hata Wajerumani walipoingia.

Habari hizi tunazijua kwa nini? Kwanza kwa sababu Mwislamu mmoja, Abdallah bin Hemedi, alikaa na Wakilindi, akamjua Semboja kwa macho yake, kisha akaketi akaandika kwa Kiswahili safi kitabu cha Habari za Wakilindi. Wamishonari wa Kiingereza ndio waliokichapa mwanzoni, na mwaka 1962 kikatolewa tena. Nimeuliza katika nyumba nyingi za jamaa zetu hapa Tanga kama wanacho. Wanazo kalenda za maduka.

Kisha akaja Mmarekani, Steven Feierman, aliyekaa Usambara tangu mwaka 1966 hata 1968, akajifunza Kisambaa, akawasikiliza wazee wa Kikilindi na wazee wasio Wakilindi. Aliona kuwa kisa cha Mbegha, yule mwindaji aliyeuanzisha ufalme, husimuliwa namna mbalimbali kwa kadiri ya msimulizi ni nani na ana haja gani. Hakuchukua kauli moja akaitupa nyingine, alizipima. Kitabu chake cha historia kilitoka mwaka 1974, na kingine mwaka 1990, nacho Kiingereza changu hakikifikii. Ni binti huyu aliyenifasiria. Humo mmeelezwa maneno mawili ya Kisambaa, kuzifya shi na kubana shi, yaani kuiponya nchi na kuiharibu. Mvua ikija kwa wakati, chakula kikapatikana na wakubwa wasigombane, nchi imepona. Wakubwa wakishindana, mvua ikakatika na watoto wakafa, nchi imeharibiwa. Basi afya kwao haikuwa jambo la mwili wa mtu mmoja. Nilipoyasikia maneno hayo kutoka kitabuni nilinyamaza, kwa kuwa mama yangu alikuwa akiyasema mvua ikichelewa, nami nilipotoka chuoni na kilemba kipya nilimkataza.

Ndugu msomaji, wanazuoni wetu wa hadithi walikuwa na kazi kama hii karne nyingi kabla ya vyuo vikuu vya leo. Walisafiri miezi kwa ajili ya kauli moja. Waliuliza: umeisikia kwa nani, na yeye kwa nani, je alikuwa mkweli, je kumbukumbu yake ilikuwa nzuri, je walikutana kweli hao wawili? Na katika Sura ya Al-Hujurat tumeamrishwa kuchunguza habari tuletewazo, tusije tukawadhuru watu kwa kutojua. Haya nimeyasomesha kwa zaidi ya miaka 40. Mnyororo ukiwa na mwongo mmoja, habari yote huanguka.

Katika mnyororo wa Mazinde, mwongo ni mimi.

Mwaka 1982 nilikuwa na miaka 23, nimerudi kutoka chuoni Tanga, nasomesha watoto karibu na msikiti wa kambi ya mkonge. Akaja mtafiti mgeni kutoka ng'ambo. Kiswahili alikijua, pengine kuliko baadhi yetu, lakini Kisambaa hakukijua, na wanawake wengi walioshuka kutoka juu walikuwa hawawezi kusema mambo mazito kwa Kiswahili. Akaniomba niwe mkalimani wake. Alinipa posho na sabuni, na mwaka ule sabuni ilikuwa adimu kuliko shilingi.

Alikuwa akiuliza habari za homa za watoto. Mtoto akiugua mnafanya nini, humpeleka wapi kwanza, nani huamua. Watu walimwogopa. Mgeni yeyote aliyeandika majina na kuuliza habari za miili ya watu alidhaniwa mumiani, mnyonya damu, na kwa kuwa madaktari wa utafiti wa malaria walikuwa wamezunguka nchi hizi miaka mingi wakidunga vidole vya watoto, neno hilo lilikuwa halijatoka midomoni mwa watu. Lakini walipomwona amefuatana na mimi walifungua milango. "Kama yuko na Maalim," walisema, "si mumiani." Shikeni neno hilo. Watu walimwamini mgeni kwa sababu yangu.

Siku moja tuliingia kwa bibi mmoja aliyeshuka kutoka Mazinde Juu kukaa na bintiye, mke wa mkata mkonge. Mwaka uliotangulia, wakati wa masika, walifiwa na mtoto wa kiume wa miaka miwili na nusu. Kiswahili cha bibi kilikuwa cha sokoni tu. Mtafiti akaweka kinasa sauti chake juu ya kigoda, bibi akasema kwa Kisambaa, polepole, kama mtu ahesabuye.

Alisema mtoto aliamka na joto. Jioni akakakamaa, macho yakageuka, povu likatoka. Wakajua ni degedege. Majirani wakasema wasimpeleke zahanati, atadungwa sindano, na mwenye degedege akidungwa sindano haioni asubuhi. Wakamfukiza. Kisha wakamwita maalim, huyu huyu, akanyosha kidole kwangu. Maalim akaandika kombe, akasoma, akasema wangoje, joto litashuka. Siku ya pili akaja tena, akasoma tena, akasema wangoje. Siku ya tatu, kabla ya alfajiri, mtoto akafa. Zahanati ilikuwa mwendo wa robo saa kwa miguu.

Mtafiti akanigeukia. Nikasema: "Anasema mtoto alipata homa kali. Walimpeleka zahanati siku ya kwanza, akapewa dawa, lakini ajali yake ilikuwa imefika."

Akaandika. Akampa bibi pole kwa Kiswahili. Bibi akanitazama, akaifunga kanga yake upya, akanyamaza. Tukatoka kwenda nyumba ya pili.

Nilijiambia kuwa ninaisitiri dini mbele ya mgeni, asiende kwao akaandika kuwa Waislamu wa Mazinde huwaua watoto wao kwa zafarani. Uzuri wa udhuru huo ni kwamba ulinifaa mimi pia. Juu ya kombe lenyewe sitii neno. Wanazuoni wana maneno yao na si mahali pake hapa. Kosa langu ni lile neno "ngojeni". Mtume wetu ametuhimiza tutafute dawa, na hadithi hiyo nilikuwa nimeihifadhi tangu Tanga pamoja na waliyoipokea. Ningeweza kusoma na kumbeba mtoto njiani huku nasoma.

Binti yule alinieleza kwa utulivu yale ambayo mimi sikuyajua siku zile. Degedege nyingi za huku kwetu ni malaria iliyokuwa kali, wakati mwingine imepanda kichwani, na mtoto huokolewa kwa saa, si kwa siku. Hofu ya sindano nayo ilikuwa na asili yake. Watoto walipelekwa wamechelewa mno, wakadungwa, wakafa kwa ugonjwa uliokwisha kuwashinda. Watu waliona sindano, kisha wakaona kifo, wakaviunganisha. Aliyeuliza vizuri aliweza kuligundua hilo. Huko Bagamoyo, katika miaka ya 1990, watafiti waliwasikiliza akina mama wakafahamu kuwa homa ya kawaida wanaijua ni ya hospitali, lakini degedege wanaihesabu ugonjwa mwingine, wenye waganga wake. Basi fundisho la kumpeleka mtoto mwenye homa hospitali lilikuwa haliwafikii wenye degedege, kwa kuwa kwao hiyo haikuwa homa. Jambo lilo hilo bibi wa Mazinde alikuwa amelisema mwaka 1982, kwa ukamilifu, juu ya kigoda, nami nikalizika.

Mtu atasema ni karatasi moja katika mamia. Huenda. Lakini nimejiuliza ni wakalimani wangapi, na makarani wangapi, wamewasitiri wazee wao kwa namna hiyo. Miaka ile ile huko juu Lushoto kulikuwa na tauni. Ilianza mwaka 1980, ikawa inarudi kwa zaidi ya miaka 20, ikawapata watu zaidi ya 7,000 na kuua mamia, na wengi wao walikuwa wanawake na watoto. Wataalamu, wakiwamo wa Chuo Kikuu cha Sokoine, walikwenda nyumba kwa nyumba wakiuliza habari za panya, za viroboto, za nani analala sakafuni na nani kaugua kwanza. Aliyemficha mgonjwa wake kwa aibu aliwauzia jirani zake mauti. Na juzi tu, kati ya mwaka 2009 na 2014, watoto wa Korogwe, wilaya yetu, walikuwa miongoni mwa watoto zaidi ya 15,000 wa nchi 7 za Afrika waliojaribiwa chanjo ya malaria, ile ambayo Shirika la Afya Duniani liliikubali mwezi wa Oktoba 2021. Chanjo ile imepita katika vinywa vya akina mama waliosema kweli: mwanangu alipata joto, mwanangu alitapika, siku ile sikumleta. Wake kwa waume waliokuwa wakifasiri maneno hayo, Mwenyezi Mungu awalipe, maana walifanya nilichoshindwa.

Sasa nirudi kwa binti. Kanda za mtafiti yule zilikuwa zimehifadhiwa katika chuo chake huko ng'ambo, na miaka ya karibuni zimetiwa katika kompyuta. Binti huyu ni Msambaa wa Bumbuli, naye alipewa kazi ya kuzisikiliza na kuzilinganisha na madaftari. Akabonyeza simu yake. Nikasikia jogoo. Nikasikia korona ya mkonge ikivuma kwa mbali. Kisha nikaisikia sauti ya bibi, na baada yake sauti ya kijana, nyembamba, yenye haraka, ikisema zahanati, siku ya kwanza. Makatibu wawili wa mabegani hawakuhitaji betri, hilo nililijua. Sikujua kuwa na Wazungu pia wameandika.

Binti akainamisha macho. "Sheikh," akasema, "Kisambaa cha wazee hunishinda mara nyingine. Pengine mimi ndiye niliyefahamu vibaya?"

Wallahi alinifungulia mlango, kwa heshima ya mvi zangu. Jawabu lilikuwa tayari ulimini: ndiyo binti yangu, Kisambaa cha juu kina mafumbo yake. Nilikaa kitambo. Nikasema: "Umefahamu sawa. Niliyegeuza ni mimi." Akaniuliza kama aandike hivyo. Nikaandika mwenyewe, ukurasa mmoja, nikaweka jina langu na la baba yangu, na wanangu wawili wakatia sahihi ya ushahidi. Mkubwa wao aliuliza kama ilikuwa lazima. Nikamwambia alete kalamu nyingine, hii imekwisha wino.

Lakini karatasi ilikuwa ya chuo kikuu, na haki haikuwa ya chuo kikuu. Wiki iliyofuata nilipanda basi hadi Mazinde. Bibi alikwisha fariki zamani. Bintiye, mama wa mtoto, yuko hai, mtu mzima sasa kama mimi, anauza nyanya na maembe kando ya barabara kuu. Alinikaribisha kwa "Karibu Maalim," kama kwamba nimetoka jana. Nikangoja wateja wapungue, nikamweleza yote, tangu kombe hadi kanda, nikamwomba radhi.

Alikuwa akipanga nyanya mafungu mafungu, na hakuacha kupanga.

"Tulijua, Maalim," akasema. "Mama Kiswahili kilimpiga chenga, lakini neno zahanati alilijua. Siku ile mlipotoka alituambia, nimesema, lakini Maalim hakunisema."

Nikamuuliza kwa nini hawakuniambia, wala hawakumwambia mtu.

"Mama alikataza. Alisema kijana yule anatusomeshea watoto, mkimvunjia heshima nani atawasomesha?" Kisha akaniangalia usoni kwa mara ya kwanza. "Mwanangu nimekwisha mwachia Mungu. Mimi nina swali jingine. Sauti ya mama iko kweli katika hiyo kanda?"

Nikasema iko.

"Sina hata picha yake," akasema.

Nilimpigia simu binti wa Bumbuli pale pale barabarani, naye Ijumaa iliyofuata akaja Mazinde, tukakaa watatu uani chini ya mwembe. Mama yule alisikiliza mpaka mwisho bila kusema, hata sehemu yangu. Kisha akaomba arudishiwe mwanzo, pale kabla ya kisa, ambapo bibi anakohoa na kuuliza kama chombo kile kinauma. Akacheka. Akaomba tena. Mara ya tatu akainua kidole, akasema: "Sikilizeni hapo, mlango unalia. Ni mimi, nilikuwa naleta maji."